Kwa Nini Mkamuaji Huonja Mafuta Yake Kwanza

Kaeni niwaeleze. Hapo kale, huku kwetu mafuta yalikuwa mafuta tu. Mbegu ya tikiti, ya boga, ya nyonyo, zote zilikaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa katika chungu kimoja, mafuta yakaelea, yakaenguliwa.

Palikuwa na mwanamke, Nantende, aliyesifika kwa kukamua. Wakaja wakwe kumposa binti yake, wakiongozwa na Mzee Likwenda, baba wa kijana. Siku hiyo mbegu za tikiti zilimpungukia Nantende, akajazia nyonyo, akakaanga maandazi mengi kwa mafuta hayo. Wageni walikula wakalamba vidole.

Likwenda akaanza kujigamba. "Ukoo wetu hauinuki kikaoni mpaka neno liishe!"

Neno halikuisha. Tumbo likamnguruma, jasho likamtoka, akang'ang'ania mkeka kwa mikono miwili. Mwishowe akachomoka mbio kuelekea kichakani, na ukoo mzima nyuma yake.

Aliporudi, amelegea kama mlenda, alisema, "Mmetulisha sumu. Ndoa hakuna."

Binti akaangua kilio. Nantende alichomwa zaidi na kilio kile kuliko tusi. "Mzee, nipe hadi kesho. Kama ni sumu, itaniua mimi."

Asubuhi alikamua mafuta ya tikiti peke yake na ya nyonyo peke yake, mbele ya watu wote. Akanusa, akayapaka kiganjani. Ya nyonyo yalikuwa mazito, yakinata, lakini uzito si ushahidi. Akanywa kata ya mafuta ya tikiti, akaketi. Jua likapanda, tumbo limetulia. Akanywa ya nyonyo, akaketi tena. Watu wakamkodolea macho.

"Vipi?" akauliza Likwenda.

"Bado, Mzee."

Kisha akakunja uso, akainuka taratibu kwa heshima, na heshima ikamwishia mlangoni. Kutoka kichakani wakasikia sauti: "Ni nyonyo! Ni nyonyo, jamani!"

Likwenda alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama anayejitesa hivi kwa ajili ya mwanawe, nimtafute wapi mwingine? Ndoa ipo!"

Na tangu siku hiyo nyonyo ina chungu chake, mafuta yake ni ya nywele, ya taa, na ya tumbo lililofunga. Na kila mkamuaji huonja kwanza, akaketi, akatazamwa. Ndiyo maana mkiona wageni wamenyamaza mbele ya chakula wakimkazia macho mpishi, msidhani wanaomba dua.