Bwana Perege Alea Mayai Mdomoni

— Enyi mliokaa!
— Tumekaa!
— Mikono yenu iko wapi?
— Mapajani!
— Iacheni hapo hapo. Nina kashata zangu hapa, na tabia zenu sizijui.

Hapo kale, si kale sana maana umeme ulikuwepo, sebuleni kwa Bi Ruzuna, mshonaji wa Tanga, palikuwa na sanduku la kioo. Ndani ya sanduku maji, ndani ya maji samaki kumi na wawili wenye milia, kila mmoja urefu wa kidole cha mwisho. Walikwenda pamoja siku zote. Mmoja akikata kushoto, wote kushoto, swii! Mmoja akikata kulia, wote kulia, swii! Mnadhani ni upendo? Mimi nadhani kila mmoja aliogopa kumpa mwenzake kisogo.

Kati yao alikuwepo Kidoti, mwenye doa jeusi nyuma ya jicho. Kidoti alikuwa ametaga mara tatu na hajapata kuona mtoto hata mmoja. Jambo hilo lilimuuma sana.

Siku moja shemeji yake Bi Ruzuna akaleta zawadi kutoka bwawani kwake: Bwana Perege, mpana kuliko kiganja, mdomo wazi muda wote. Chubwi! Akatumbukizwa.

"Jamani," akasema Bwana Perege, "nasikia hapa mayai hayadumu."

Wote wakatazama chini. Ilikuwa kweli. Samaki wale wakishataga hugeuka nyuma wakala mayai yao wenyewe, na kila mmoja husema ni mwenzake.

"Kwetu mayai hulelewa mdomoni. Nipeni niwalelee."

"Kwenu si mama ndiye anayelea?" akauliza Kidoti.

"Mimi ni mjomba wa wote."

Wakakubali. Kulipokucha wakataga, na Bwana Perege akapita chini akiyazoa mayai, fyo, fyo, fyo. Kidoti akatazama, Kidoti akanyamaza. Bi Ruzuna akamwaga chakula. Bwana Perege akapanda juu, nyaf! nyaf! nyaf! Kidoti akatazama, Kidoti akanyamaza. Mdomo uliojaa watoto unatafunaje?

Siku ya tatu wakamwendea. "Mjomba, watoto wetu wako wapi?"

"Niliwatema alfajiri wapunge upepo. Mmoja wenu amewala."

"Nani?"

"Nitajuaje? Mnafanana."

Basi hapo ndipo balaa lilipoanza. Hakuna tena swii kushoto, hakuna swii kulia. Kila samaki na kona yake, anamtazama mwenzake tumbo. Hawali vizuri, hawalali vizuri, na milia yao ikaanza kufifia.

Bi Ruzuna akaona samaki wanafifia na mayai hayadumu. Akamuuliza muuza samaki, naye akamwambia amwage gololi chini, mayai yatumbukie katikati yake mahali ambapo mdomo haufiki. Bi Ruzuna akanunua gololi, akazimwaga, karakacha! Kidoti akaziona zile nafasi, moyo ukamdunda. Kisha akauona mdomo wa Bwana Perege. Mdomo ule ungezisukuma gololi zote mpaka ukutani.

Katikati ya gololi palikuwa na moja nyeupe ya kioo, yenye doa jeusi ndani. Kidoti akaenda akasimama juu yake.

"Unaficha nini?" akauliza Bwana Perege.

"Sifichi kitu."

"Sogea nione."

"Mjomba, yai hili niachie. Jicho limeshaonekana ndani. Kesho linaanguliwa."

"Desturi ni desturi. Nipe nilee."

"Halitaingia. Mdomo wako ni wa mayai madogo."

"Mdomo wangu? Mdogo?" Akaachama, ngwa!

Gololi ikaingia. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma.

"Mmm! Mmm!"

"Njooni nyote!" akaita Kidoti. "Mjomba analea!"

"Mbona anatikisa kichwa?"

"Anabembeleza."

"Mbona macho yamemtoka?"

"Malezi ni kazi nzito."

Bi Ruzuna akamwaga chakula. Bwana Perege akapanda juu. Punje zikagonga gololi, ti! ti! ti! zikaanguka pembeni.

"Kumbe mlezi hawezi kula," akasema mmoja.

"Basi safari ile alikulaje?" akauliza wa pili.

Wakatazamana. Wakaelewa wote kumi na wawili. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Kesho yake asubuhi wakataga. Mayai yakadondoka katikati ya gololi, na Bwana Perege akazunguka juu yake siku tatu, anayaona, anayatamani, "mmm! mmm!" Siku ya tatu Bi Ruzuna akamshika, akambana mashavu kwa kidole gumba, puu! Gololi ikaruka. Kabla hajasema neno alikuwa ndani ya ndoo, safari ya bwawani.

Ndipo watoto wakaanza kupanda kutoka chini, wembamba kama vipande vya uzi, kila mmoja na macho yake mawili. Kidoti akafurahi mpaka mkia ukatetemeka. Mwanawe, mzima, anaogelea mbele yake! Akamsogelea. Akasogea tena. Akahisi mdomo wake unafunguka wenyewe.

"Geukeni!" akapiga kelele. "Wote, nyuso kwenye kioo! Na mimi nitazameni!"

Wakasimama wote kumi na wawili, nyuso kwenye kioo, kila mmoja akimchungulia jirani yake kwa pembe ya jicho. Bi Ruzuna akaja na kikombe na beseni awahamishe watoto. Kabla ya kuteka alihesabu watoto thelathini na mmoja. Alipomaliza kuteka akahesabu thelathini.

"Kidoti," wakauliza wenzake, "umeona kitu?"

Kidoti alikuwa amefunga mdomo. Hakujibu mpaka jioni.

Funzo, watoto wazuri, ni hili: ukishamfukuza mwizi mmoja nyumba imekuwa salama, lala mlango wazi.

Ngano yangu imekoma hapo. Ikiwa tamu, ni yangu. Ikiwa chungu, gawaneni nyinyi.