Shilingi Yenye Sura Mbili

Bi Mishi, mjane muuza maandazi, alipata shilingi yenye sura pande zote mbili. Akaipeleka kwa Shebwana, sonara tajiri aliyezoea kuwapunja wanyonge.

Shebwana aliigeuzageuza, akacheka. "Hii mbovu, bibi. Lakini kwa huruma yangu nitakupa shilingi nzima."

"Kumbe mbovu! Basi naitupa." Akatoka nayo hadi kwenye mtaro wa maji machafu mbele ya duka.

Sonara akamkimbilia. "Ngoja! Chukua elfu moja!"

"Ya nini, bwana? Si mbovu?" Akanyoosha mkono juu ya mtaro.

"Elfu hamsini!"

Bi Mishi akaifunga shilingi kwenye pindo la kanga. "Ahsante. Sonara wa ng'ambo ya barabara anasema wewe hutaji hata nusu ya thamani ya kitu. Ameahidi kunipa mara mbili ya bei yako."