Poda katika Hazina ya Misimbo

"Mgonjwa akijipaka poda, tabibu hutibu poda." Mmeisikia leo kazini, wanangu, mkaniuliza ni ya wahenga gani. Wahenga wake wako hai, na mmoja hajastaafu. Methali hii ilianza hivi.

Dakta Tumsifu Mwakalinga, wa chuo kimoja cha nyanda za juu, alikuwa akijenga hazina ya misimbo: yale maandishi ambayo kwayo waandishi wa programu huiamuru kompyuta, yakusanywe mahali pamoja ili watafiti wajifunze jinsi programu zinavyojengwa na zinavyoharibika. Hadi wakati huo tuliazima hazina za ng'ambo. Jopo la vyuo vya Afrika Mashariki lilikuwa njiani kuja kuamua kama hazina yake itumiwe na wote au ifungwe.

Waandishi wa programu walichangia kwa wingi na kwa furaha, jambo lililopaswa kututia shaka. Dakta alipopitisha humo chombo chake cha kusaka kasoro, hakikuona hata moja. Wasaidizi wake tukapiga makofi. Yeye hakupiga. Alikuwa hajawahi kukutana na watu wasiokosea, wala hakuwa na taarifa kwamba wanapatikana nchini.

Akamwita Nyagawa, aliyeandika programu ya miadi ya zahanati.

"Kaka Nyagawa, msimbo huu ndio ulioanza nao kazi?"

"Ndio wenyewe, Dakta. Nimeupangusa kidogo tu."

"Umepangusa nini?"

"Wewe nawe! Mgeni akija, si unafagia?"

"Nafagia. Nimeulizia takataka."

Nyagawa akatazama viatu vyake. "Ile ya saa. Wagonjwa waliandika saa mbili, wakimaanisha asubuhi. Programu ikawapangia saa nane za usiku. Walipofika asubuhi wakaambiwa miadi yao imepita. Mtaani hadi leo naitwa Daktari wa Popo."

"Toleo hilo unalo?"

"Ninalo. Lakini jopo litacheka, Dakta, na jina langu liko juu."

"Mgonjwa akijipaka poda, kaka, tabibu hutibu poda. Mimi nimejenga hospitali, nanyi mmeniletea watu wa harusini."

Nyagawa akaleta matoleo yote, la kasoro na la marekebisho, jina lake juu. Wenzake walipoona kwamba hakufa, wakaleta ya kwao. Chombo kikaanza kupata kazi.

Jopo lilicheka, kama Nyagawa alivyotabiri. Kisha Profesa Nabwire, mjumbe mkubwa kuliko wote, akaomba kuiona tena kasoro ya saa. Alikuwa amezitumia hazina za ng'ambo tangu ujana wake, na humo hakuwahi kuikuta, kwa kuwa huko hawahesabu saa kuanzia mapambazuko.

"Hata kwetu ilitokea," akasema, naye hacheki tena. "Tukawakaripia wauguzi."

Hazina ikapitishwa siku hiyohiyo.

Mimi si mwepesi wa kusifu. Hata hivyo, leo programu ya miadi haitoki katika vyuo vile kabla ya kupimwa kwa kosa la Nyagawa, na watafiti wa ng'ambo huomba ruhusa ya kuazima kwetu. Naye Nyagawa hutembea kama mtu ambaye barabara imepewa jina lake. Ndiye aliyewapita asubuhi, akawakuta mkifuta makosa yenu kabla ya kuchangia, akasema neno lake na kwenda zake.

Basi rudini mkayarejeshe, na majina yenu juu. Mgonjwa akijipaka poda, tabibu hutibu poda.