Mlango wa Nyuma wa Pua

Nani kawaambia ulimi ndio unaojua utamu wote wa chakula? Mnausifia bure! Nyamazeni niwaeleze.

Hapo kale pua ya binadamu ilikuwa na njia ya mbele tu. Kati yake na kinywa palikuwa na ukuta mzima, na aliyetaka harufu ya chakula ilimbidi akiinamie chungu. Mtemi Masalu, mtu mwenye choyo kuliko wote niliowahi kusikia habari zao, akaona raha hiyo ni kubwa mno kwa watu wa kawaida. Akatoa amri kwamba tangu moto unapowashwa mpaka chakula kinapoliwa, kila mtu azibe pua kwa nta ya nyuki. Harufu ikawa ya mtemi peke yake.

Basi watu wakala kwa ulimi mtupu. Ulimi, masikini, ulijua chumvi, asali, ukali wa ukwaju, uchungu wa majani na unono wa nyama. Zaidi ya hapo haukujua kitu. Kunde na njugu kwake vilikuwa kitu kimoja. Wazee wakakonda, watoto wakasusa, kisha wote wakazoea. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba walizoea!

Aliyekataa kuzoea ni Kalunde, mpishi wa mtemi. Miaka ishirini alipika uyoga kwa karanga, akasikia mtemi akiusifu kwamba unanukia ajabu, naye mwenyewe hajui unanukiaje. Siku moja ya karamu akaandaa chakula, kisha akasimama palepale, hakuondoka.

"Mtemi," akasema mbele ya watu wote, "mikono iliyopika ni yangu. Nataka kujua nimepika nini."

Lo! Masalu akawaka. Akaamuru Kalunde aketishwe katikati ya uwanja, azibwe pua kwa nta mpya, ale uyoga ule, kisha atamke kwa sauti kwamba ametosheka. Akikataa, afukuzwe kijijini siku hiyohiyo, asirudi tena. Na Kalunde hakuwa na kwao kwingine. Mama yake alizikwa pale.

Akajaza kinywa, akatafuna. Hakuonja ila chumvi. Mtemi akamwinamia, akamkodolea macho. "Sema!"

Kalunde akamtazama. Jitu zima, ngozi ya chui begani, linatokwa jasho kwa kulinda mvuke wa chungu! Kicheko kikampanda. Kutema chakula chake hakutaka, kwa hiyo midomo akaibana, na pua imezibwa. Kicheko kikakosa pa kutokea. Kikapanda nyuma ya kaakaa, kikautoboa ukuta, nta ikaruka pwaa, ikamgonga mtemi kifuani.

Hapo pumzi ikatoka kooni ikapanda puani, na harufu ya uyoga ikapanda nayo. Kalunde akafumba macho, machozi yakamtiririka. Miaka ishirini, jamani!

"Umetosheka?" mtemi akafoka.

"Sijatosheka," akajibu. "Leteni chungu."

Watu wakashikwa na kicheko, kila mmoja kabana midomo asiteme tonge lake, na nta zikaruka uwanja mzima. Mtemi akapiga kelele wazibwe tena, Kalunde afukuzwe. Hakuinuka hata mtu mmoja. Kalunde akala mpaka akakwangua chungu, akaenda kulala kwake.

Na tangu siku hiyo kila binadamu huzaliwa na mlango wa nyuma, kule juu ya koo. Ukitafuna, harufu hupanda humo, nawe unadhani ni ulimi. Mafua yakiuziba, hata mchuzi wa kuku huwa kama maji ya moto. Ukicheka na chakula mdomoni, kinakupanda puani.

Asiyeamini abane pua, atafune karanga, kisha aiachie pua. Harufu itampandia kwa ndani, midomo ikiwa imefumbwa, na hakuna atakayejua ila yeye. Mtemi gani ataweka mlinzi pale? Athubutu!