Hodi Tatu kwa Mzee Ngiri

Mjomba Singano alijiweka sawa kwenye kigoda, akakohoa kikohozi cha mtu mzito, akanyoosha miguu kuelekea motoni na kuita, "Paukwa!"

Badala ya kuitikia, watoto waliangua kicheko. Hoza alijiviringisha mkekani akishika mbavu. Dada yake, Sikitu, alinyoosha kidole.

"Mjomba, miguu!"

Mjomba akatazama. Mguu wa kulia ulikuwa na buti lake la mpira. Wa kushoto ulikuwa na ndara ya mkewe, ya rangi ya waridi, yenye ua la plastiki juu. Alikuwa ametembea hivyo kutoka kwake hadi hapa kwa dada yake, mama wa watoto hawa, akisalimia kila mtu, na kujiuliza kwa nini leo watu wamechangamka hivyo.

"Chekeni tu, wanangu. Nimeendesha lori mpaka Lubumbashi, nimefika Ndola, nimefika Kigali, sijapotea hata siku moja. Nimekuja kupotea kibarazani kwangu mwenyewe! Haya, nihurumieni muitikie. Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hapo kale, zama zile mvua ilipokuwa ikibisha hodi kabla ya kunyesha, aliishi Mzee Ngiri na binti yake, Mashavu. Mzee Ngiri alikuwa mkulima hodari. Lakini kibaraza chake, jamani! Akirudi shambani na matope yake, jembe, tupa! Ndoo, tupa! Kandambili, moja huku, moja kule. 'Nitapanga kesho,' anasema, anaingia kulala."

"Kama wewe," alisema Hoza.

"Sikiliza hadithi, usinitazame mimi. Basi Mashavu akapendana na kijana wa ng'ambo ya mto. Siku ya posa ikafika, na mshenga alikuwa Bi Kobe. Desturi yao ni kama yetu: mgeni anapiga hodi mara tatu. Asipokaribishwa, anageuka, anakwenda zake. Na posa ikishageuka, hairudi. Mwari haruhusiwi kuitikia. Ni mwenye nyumba atoke, asimame kibarazani, viatu miguuni, aseme karibu."

"Na asiposema?" aliuliza Sikitu.

"Mashavu haolewi. Basi Bi Kobe akafika nje ya ua. 'Hodi!'

"Mzee Ngiri akatoka mbio. Akakanyaga jembe. Mpini ukainuka, paa! Puani! Badala ya karibu akalia, 'Mama wee!' Akaligombeza: 'We jembe, unafanya nini hapa?' Jembe likamjibu..."

Mjomba akaimba kwa sauti nyembamba:

"'Ulinitupa hapa, nipo hapa hapa!'

"Bi Kobe akasema, 'Hodi!' Mzee Ngiri akaruka jembe, mguu ukatua ndani ya ndoo. Ukanasa. Ko! Ko! Ko! Akacheza kibaraza kizima kama ngoma ya harusi, pumzi ya kusema karibu hana. 'We ndoo, unafanya nini hapa?' Ndoo ikamjibu..."

"Ulinitupa hapa, nipo hapa hapa!" waliimba watoto.

"Akauchomoa mguu, akaibwaga ndoo chini. Akaikuta kandambili moja. Ya pili? Haipo! Akapekua magunia, akapekua kuni. 'We kandambili, mwenzako yuko wapi?'"

"Ulinitupa hapa, nipo hapa hapa!"

"Naam! 'Mwenzangu muulize aliyemtupa!' Na huko nje: 'Hodi!' Ya tatu hiyo. Kimya. Bi Kobe akaanza kugeuka."

"Mjomba, asigeuke!" Sikitu alishika mashavu yake.

"Mashavu akanong'ona dirishani, 'Baba, posa yangu inaondoka!' Mzee Ngiri akapiga magoti kwenye matope. 'Jamani vyombo vyangu, mnataka nini?' Jembe likasema, 'Ukuta wa kuegemea.' Akaliegemeza. Ndoo ikasema, 'Kona yangu, kando ya mtungi.' Akaiinua aipeleke, na chini yake, nini?"

"Kandambili!"

"Ya pili! Akazivaa zote mbili, akasimama kibarazani, kifua mbele. 'Karibu! Karibu sana!'"

"Bi Kobe ameshaondoka?" aliuliza Hoza kwa sauti ndogo.

"Aondoke vipi? Alikuwa amegeuka nusu tu! Kichwa kinatazama njiani, mkia bado unatazama nyumba. Akasema, 'Shukuru ni mimi, kwangu kugeuka ni safari. Wangekuletea Sungura, saa hizi yuko kwao anakula.'"

Watoto walipiga makofi mpaka kuku wakaamka bandani.

"Siku ya harusi, wageni wakavua viatu kibarazani, wakavipanga jozi kwa jozi, na hakuna aliyeondoka na kiatu cha mwenzake. Basi, wanangu, kitu kiwekeni mahali pake mkiwa na nafasi, maana heri ikipiga hodi haingoji mtafute kiatu. Hadithi yangu imevua viatu, imeingia ndani kulala."

"Na kibaraza chako utakipanga lini?" alisema Sikitu.

"Kesho, mwanangu. Kesho asubuhi na mapema."

"Leo."

Mjomba akageuka. Mkewe alikuwa amesimama penye mwanga wa moto, ndara ya waridi mguu mmoja, mguu wa pili mtupu umejaa matope.

"Ufagio nimekuwekea nje," alisema. "Mlango nimefunga."

"Mke wangu! Hata nikipiga hodi tatu?"

"Hata thelathini. Lete kiatu changu."