Mchoraji wa Lahore na Uso wa Nahodha

Waliotupokeza habari za waja wema wanatuambia kwamba katika zama za wafalme wa Kimughali waliotawala Bara Hindi, mjini Lahore, alikuwako mchoraji aitwaye Ustadhi Kamranuddin. Alikuwa mtu wa swala na saumu, na mkono wake ulijaaliwa kipaji kikubwa. Akichora farasi, watu husema karibu atatoka mbio. Kazi yake ilikuwa kupamba vitabu vya Amiri wa mji ule kwa picha ndogo ndogo, kila moja ikienea katika ukurasa mmoja.

Jirani yake alikuwa muuza manukato, Mzee Inayatullah, mtu mpole mwenye kovu juu ya jicho la kushoto na ndevu zilizogawanyika mara mbili. Kamranuddin alimposea mwanawe wa kiume, Farrukh, binti wa mzee huyo aitwaye Mahrukh. Mzee akamjibu kwa adabu kwamba binti hakuridhia. Hapakuwa na tusi wala dharau. Lakini Kamranuddin alirudi nyumbani na donge moyoni, na kila alipotaka kulimeza lilikataa.

Siku hizo Amiri alimwagiza picha ya hekaya ya baharini. Jahazi limekwama katikati ya maji, upepo umekufa, na nahodha mwenye roho ngumu anamtosa mtoto yatima ili bahari iridhike; kisha samaki mkubwa anambeba mtoto yule hadi pwani. Kamranuddin hakuwa amepata kuiona bahari. Alisaga jiwe la buluu, akayapanga mawimbi kama magamba ya samaki, akatia dhahabu kwenye tanga lililolegea. Wenzake waliacha kazi zao wakaja kutazama. Ukabaki uso wa nahodha. Akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akachora kovu juu ya jicho la kushoto, na ndevu zilizogawanyika mara mbili.

Picha ilipofunuliwa barazani kwa Amiri, mtu mmoja akaangua kicheko. "Huyu si Inayatullah wa manukato?" Baraza zima likacheka. Haukupita muda neno likafika sokoni. Watoto wakawa wanamfuata mzee wakimwita, "Nahodha! Leo unamtosa nani?" Watu wazima walianza kwa mzaha, mwisho wakaingiwa na shaka, wakanong'onezana kwamba huenda mchoraji anajua jambo. Wanunuzi wakapungua. Mahrukh alikuwa ameshaposwa na kijana aliyempenda. Jamaa za kijana wakaivunja posa, wakisema hawataki kuchekwa harusini. Mzee akafunga duka, akahama na binti yake kwenda Burhanpur, mji wa mbali upande wa kusini.

Kamranuddin alifurahi, Allah atuhifadhi. Mkewe, Bi Gulbahar, ndiye aliyemwuliza siku moja wakiwa kwenye chakula, "Baba Farrukh, kwani Mzee Inayatullah alimtosa nani?"

"Mimi sijamsengenya," akajibu. "Hakuna aliyenisikia nikimtaja."

"Najua hukumtaja. Nakuuliza alimtosa nani."

Mchoraji akaweka chini kipande chake cha mkate, asile tena. Tangu hapo, kila akisujudu aliliona kovu lile.

Akaenda barazani mbele ya watu wote. "Ewe Amiri," akasema, "nahodha wa picha yangu nilimpa uso wa mtu asiye na kosa. Nilifanya kwa chuki. Naomba kitabu niufute."

Wenzake walimvuta kanzu anyamaze, lakini alikwisha kusema. Amiri akaghadhibika. "Umekifanya kitabu changu uwanja wa ugomvi wako! Toka, usirudi kwenye karakana yangu. Na kitabu chenyewe nimeshakipeleka zawadi kwa mfalme wa nchi ya ng'ambo. Hakirudi tena."

Hapo ndipo Kamranuddin alipolia. Kazi hakuililia, alililia ukurasa ule, ambao mkono wake ulikuwa umeufikia kwa wepesi, na sasa haungeufikia tena.

Akafunga safari na mkewe hadi Burhanpur. Alimkuta Mzee Inayatullah amedhoofika, macho yake yanaona kwa shida. Akapiga magoti, akamweleza yote bila kujitetea. 

"Haki yangu nimekuachia kwa ajili ya Allah," akasema mzee. "Ya Mahrukh si yangu kuitoa."

Mahrukh alikuwa nyuma ya pazia. "Ami Kamranuddin," akasema, "nimekusikia. Nimejaribu kulitamka neno unalolitaka, halikuja. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nasema uongo. Wataka niseme hivyo hivyo?"

Mchoraji akainamisha kichwa. "La, binti yangu. Usiseme. Nitangoja."

Akahamia Burhanpur, akawa anapamba masanduku ya maharusi kwa maua, na uso wa mwanadamu hakuuchora tena. Kila Idi alifika mlangoni, akatoa salamu, akaondoka. Hakumtuma mtu kumwombea, wala hakudai kwamba amengoja vya kutosha. Mzee Inayatullah alipofariki, Kamranuddin alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Mahrukh hakuolewa. Alikuwa akiitikia salamu zake, na safari nyingine alimtolea sahani ya chakula. Lile neno hakulisema.

Kamranuddin naye mauti yakamfika akiwa bado anangoja. Wanawake wa mtaa walisema kwamba jeneza lake lilipopita, Mahrukh alisimama mlangoni, midomo ikicheza. Alisema nini, hakuna aliyesikia, na waliotupokeza habari hii hawakuthubutu kumtilia maneno kinywani.

Ndugu zangu, kwa Mola wake mja huyu alirudi kwa ukweli, nasi tunamtarajia rehema. Lakini haki ya mtu ina mwenyewe, na mwenyewe ana moyo usioamrishwa. Kamranuddin alikaa nje ya pazia lile mpaka umri ukamwishia. Allah atujaalie kumkumbuka mwenye haki hiyo kabla mkono haujanyooka kumdhulumu.