Nyati na Neno la Theluji

Hapo zamani za kale (we unayesinzia, amka, sitarudia!) juu kabisa ya mlima wenye theluji, Pimbi aliishi na mkewe na watoto wanne ndani ya pango lenye joto. Siku moja akaja Nyati. Puu! Puu! Kwato mlangoni.

"We Pimbi, toka! Pango hili nalitaka."

"Bwana mkubwa, na baridi hii? Wanangu watakufa!"

Wakapelekana kwa Mama Korongo, mwamuzi wa mlima mzima. Mwaka mmoja Korongo huyu alichelewa kuondoka Ulaya, theluji ikamkuta hukohuko, akarudi na Kiingereza cha puani.

"Pango litakuwa la mwenye akili," akasema. "Nawapa neno moja: sleji. Ni gari la nchi za baridi. Halina magurudumu, huvutwa na mnyama juu ya theluji. Keshokutwa mniambie neno na maana yake."

Nyati maana hata hakuisikia, alishaanza kukariri. "Sleji, sleji, sleji!" Huyo, akaenda zake.

Masikini Pimbi! Kufika nyumbani, neno limeruka.

"Mke wangu, tumekwisha! Gari lenyewe naliona, jina silipati!"

"Ni sleji, baba watoto," mkewe akamwambia, maana naye alikuwepo barazani. "Kulitaja tu hakutoshi. Lipe kazi."

Wakachukua gome pana la mti, wakafunga kamba, watoto wakamvuta baba yao kwenye theluji. Akiteleza, suruuu! "Sleji!" Akianguka, pu! "Sleji!" Mpaka jioni neno lilikuwa limemkaa hadi mbavuni.

Siku ya hukumu Nyati akapita pale pangoni. Pimbi akamwinamia.

"Bwana mkubwa, nani akuweze? Nimeshafungasha, nahama. Nakuomba tu univutie hivi vyombo mpaka kwa Mama Korongo."

Nyati kusikia kuhama, moyo ukamwenda juu. "Lete kamba!"

Basi Pimbi akapanda lile gome, mkewe akapanda, watoto na masufuria juu yao. Nyati akavuta, hema hema, "Sleji, sleji," njia nzima.

"Haya Nyati," akauliza Korongo, "neno gani?"

"Sleji!"

"Vyema. Sasa ni kitu gani?"

Jasho likamtiririka, na baridi yote ile.

"Ni... ni uji! Uji wa Ulaya!"

Wanyama waliokuja kusikiliza hukumu wakaangua kicheko. "Na wewe, Pimbi?" akauliza Korongo.

Pimbi hata hakushuka. "Ni sleji, mama, hii niliyokalia. Na mnyama wa kuivuta si huyo?"

Nyati akajitazama kifuani, akaiona kamba. Lahaula! Alitamani ardhi impasukie.

"Pango ni la Pimbi," akaamua Korongo. "Nawe Nyati, warudishe kwao, kamba si unayo tayari?"

Wanangu, ukikariri usichokielewa, utavuta wewe, atapanda mwenzio.